Kuitikia kwa Kichwa

Tunduma,
3 Machi 2025

Kaka yangu Lusubilo,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alitulea hivyo, lakini ujue naandika nikiwa na hasira. Tangu Krismasi nakupigia simu, inaita mpaka inakata. Nimekutumia ujumbe, nikajibiwa, “Asante kwa kutazama Kigoda cha Maswali, endelea kuwa nasi.” Mimi Ikupa, niliyelala na wewe mkeka mmoja kule Ikinga, nashukuriwa kwa kutazama. Ndiyo maana nimeamua kuandika kwa mkono, kama enzi zile ulipokuwa umefika tu Dar. Barua nimempa kondakta wa basi pamoja na mchele wa Kamsamba, ili angalau mchele ukufanye ufungue mfuko.

Sisi ni wazima. Mgahawa unaenda. Foleni ya malori ya kuvuka kwenda Zambia imerudi nyuma mpaka Mpemba, madereva wana njaa na hawana pa kwenda, kwa hiyo mimi na masufuria yangu hatupumziki. Jumamosi jioni tu ndiyo nakaa. Nawasha runinga, wote wananyamaza, wewe unatokea na koti lako la bluu, unamwinamia mtu aliyekaa kwenye kigoda, unamwuliza, “Una hakika na moyo wako?” na mgahawa mzima unamjibia. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa, na bado wananyamaza.

Jambo lenyewe ni hili: Faith anaolewa. Kijana anaitwa Luka Silwimba, anafanya kazi ya kutoa mizigo forodhani. Wazazi wake wako Nakonde, hapo ng'ambo tu, Wanamwanga, watu wa kanisani na wastaarabu. Kikao cha mahari ni Jumamosi ya tarehe 26 Aprili, baada ya Pasaka, na ndoa ni tarehe 31 Mei. Nakuomba wewe, mjomba mtu, uje ukae upande wetu kikaoni, na siku ya ndoa umwingize Faith kanisani. Mume wangu Clement yuko safari za mbali na lori lake, huko Lubumbashi, ratiba yake haieleweki.

Usinitumie mtu. Njoo mwenyewe. Nipigie, au kama simu imekuwa nzito, andika.

Mdogo wako,
Ikupa


Dar es Salaam,
15 Machi 2025

Mdogo wangu Ikupa,

Marahaba. Mchele umefika, nimeupika siku hiyohiyo na nyumba ikanukia nyumbani. Mpe Faith hongera zangu zote.

Ile namba unayopiga iko mikononi mwa vijana wa ofisini. Na mimi mwenyewe nimechoka na simu. Watu wa siku hizi wanasema haraka, maneno yanapandana. Barua ni nzuri zaidi, mtu hufikiri kabla ya kusema.

Huku mambo yamebadilika. Tumepata mkurugenzi mpya wa vipindi, anaitwa Ashraf, kijana mwerevu, mwenye haraka. Ameamua kwamba kuanzia tarehe 5 Aprili kipindi kitakwenda hewani moja kwa moja. Zamani tulikuwa tunarekodi katikati ya wiki. Kosa likitokea tunarudia, wewe ukitazama huko hujui lolote. Sasa hakuna kurudia. Wametupa ukumbi mkubwa, taa mpya, na watazamaji mamia wanaopiga makofi kama mvua ya mawe juu ya bati. Najiandaa kila siku. Siwezi kutulia. Nikikaa nainuka, nikiinuka nazunguka nyumba, na tangu wifi yako afariki nyumba hii imebaki ya kuzunguka tu. Kwa hiyo Aprili siwezi, na Mei sijui.

Halafu nikuambie ukweli. Nimealikwa harusi nyingi na watu wanaotaka sura ya runinga ikae meza ya mbele. Sisemi kwamba ni wewe. Lakini Clement yupo, ana miguu yake na ana suti. Baba humwingiza binti yake mwenyewe. Akiambiwa mapema ataomba ruhusa kwa tajiri wake. Kama mnataka mshereheshaji, nawafahamu vijana wazuri wa Mbeya, nitawaandikia.

Kaka yako,
Lusubilo


Tunduma,
22 Machi 2025

Kaka,

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, ugali ukaungua.

Sikuomba sura ya runinga. Niliomba kaka. Unasema kwenye barua mtu hufikiri kabla ya kusema. Basi umefikiri, ukaona hayo ndiyo ya kuniandikia. Habari za Clement na suti yake niachie mimi.

Wakwe wameuliza nani atasema kwa niaba yetu. Nimewajibu kwamba tunapanga. Faith ameuliza, nimemwambia mjomba ana kazi. Nilifikiri umekuwa mkubwa tu, kumbe umesahau na ulikotoka.

Usije. Nitajua la kufanya.

Ikupa


Dar es Salaam,
29 Machi 2025

Mdogo wangu,

Kati ya yote uliyoandika, hilo la kusahau nilikotoka ndilo limenitoa nje nikatembea mpaka viatu vikaniuma.

Unakumbuka mnada wa ng'ombe wa Kamsamba? Wewe ulikuwa unauza maandazi na mama, joto lile la bondeni likiwayeyushia sukari. Mnadi alipougua homa, mimi kijana nisiye na kazi nikapandishwa juu ya pipa nimsaidie. Kila mtu alisifu sauti yangu, lakini sauti haikuwa kitu. Wasukuma wenye ng'ombe na wachuuzi wa Mbozi walikuwa wananong'ona bei nyuma kabisa, wengine wakikohoa ili wapinzani wasisikie, na mimi nazisikia zote. Ng'ombe wanalia, vumbi limetanda, mtu anasema bei yake chini ya kofia, nami namtaja. Mtu mmoja wa redio alikuja kuchukua habari za mnada, akanisikia, akaniambia nimfuate Mbeya. Huko nilisoma matangazo ya vifo miaka mingi, nikayasoma vizuri kiasi kwamba wazee walitania kuwa wanatamani kufa niwatangaze. Kisha Dar, kisha runinga. Kigoda cha Maswali kilipoanza hatukuwa na kiti cha maana studio, nikaleta kigoda kutoka Ikinga, ndiyo jina likatoka hapo.

Watu wanafikiri mtangazaji wa mashindano analipwa kwa kusema. Mimi nililipwa kwa kusikia. Mtu akikaa pale, pumzi yake ndiyo ilikuwa inaniambia kama anajua jibu au anabahatisha. Ile “una hakika na moyo wako” sikuitunga. Niliuliza kwa sababu nilikuwa nausikia.

Siku hizi mimi na Zahoro, fundi sauti wetu, tuna lugha yetu ya mikono. Anasimama chini ya kamera, ananionyesha hili na lile. Vijana wanacheka, wanasema wazee hao wanacheza ngoma.

Sikusema sitaki kuja, Ikupa. Nilisema siwezi. Tofauti yake sijui kuieleza.

Jumamosi ijayo ndiyo siku yenyewe. Mniombee.

Lusubilo


Tunduma,
7 Aprili 2025

Kaka yangu,

Shikamoo. Nilikuwa nimeapa sitakuandikia tena.

Jumamosi mgahawa ulijaa mpaka nje. Walikuja hata watu wasiokula, kwa sababu ilitangazwa kwamba anayekaa kwenye kigoda ni binti wa huku kwetu, mwalimu Witness wa Vwawa. Alijibu vizuri, wewe ulikuwa mchangamfu, tukasema kaka yetu bado ni yuleyule. Likaja swali la mwisho: kimondo kikubwa cha mkoa wa Songwe kiko wilaya gani? Tukacheka wote. Swali la bure hilo, mtoto wa darasa la tatu huku analijua. Witness akasogeza kipaza sauti mdomoni, akasema, “Mbozi.”

Ukamwuliza kama ana hakika na moyo wake. Akaitikia. Ukasema, “Momba? Hapana. Pole sana, mwalimu.”

Ukumbi wote ukapiga kelele. Tulisikia huku wakisema Mbozi, amesema Mbozi. Na wewe ukageuka, ukawatabasamia, ukasema, “Asanteni, mpigieni makofi zaidi.”

Kaka, mgahawa ulilipuka. Wengine walicheka mpaka wakamwaga chai. Wengine walisema umelewa, wengine kwamba umehongwa ili binti wa watu asipate gari la zawadi. Dereva mmoja alisema mtu wa Songwe amemnyima mtu wa Songwe mchana kweupe. Nilizima runinga, wakaniambia niwashe, sikuwasha. Tangu jana kipande hicho kinapita kwenye simu za watu wote, hata wakwe kule Nakonde wamekiona. Mama Silwimba alinipigia kunipa pole kana kwamba tumefiwa.

Lakini mimi sikuwa natazama jibu. Nilikuwa natazama uso wako. Wale watu walipopiga kelele ulitabasamu kidogo, ukainamisha kichwa, ukaitikia mara kadhaa kama mtu anayeambiwa jambo zuri. Uso ule naujua. Ni uso wa baba. Baba alipoanza kupoteza masikio, kabla hajakubali kutuambia, mtu akimwuliza habari ya shamba anatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Wewe ulikuwa umeshaondoka nyumbani. Mimi ndiye niliyebaki naye, mimi ndiye niliyekuwa nasimama mbele yake ili anione mdomo.

Nikarudi kuzisoma barua zako zote mbili. Simu hutaki. Watu wanasema haraka. Zahoro na mikono yake.

Sikuulizi. Nitaanza mimi kusema langu. Clement hayuko Lubumbashi. Aliondoka hapa kabla ya Krismasi, anaishi Nakonde na mwanamke mwingine, nyuma ya soko, mahali ambapo mtu anatembea kwa miguu kutoka kwangu. Lori lake nimeliona limeegeshwa huko. Hakuna mtu wa kukaa upande wetu kikaoni, wala wa kumshika Faith mkono. Niliona aibu kukuandikia hivyo, nikakuficha, halafu nikakukasirikia kwa kutojua.

Langu ndilo hilo. Sasa niambie lako.

Ikupa


Dar es Salaam,
12 Aprili 2025

Ikupa, mdogo wangu,

Ni kweli.

Lilianza sikio la kushoto, mwaka ule wifi yako alipougua. Nilidhani ni machozi na kukosa usingizi. Kisha la kulia likafuata. Daktari alisema mishipa ya ndani imechoka, haitarudi. Alinipa vile vifaa vya kuvaa masikioni, lakini chini ya taa za studio vinapiga mluzi, na kamera inaviona. Nikaviweka kabatini. Nikajifunza kusoma midomo. Kipindi kilipokuwa kinarekodiwa tulifaulu, kwa sababu Zahoro alikuwa ananionyesha kwa vidole kama jibu ni sahihi au limekosewa, na nikikosea alidai kuna mkwaruzo kwenye sauti, turudie. Alinibeba hivyo bila mtu kujua, na hakuwahi kuniambia kwamba nimemchosha.

Jumamosi ile Witness alifunika mdomo kwa kipaza sauti. Nikamtafuta Zahoro, alikuwa amezibwa na kamera mpya ile inayoning'inia. Nikakisia. Ukumbi ulipoinuka niliona mikono juu na vinywa wazi, nikadhani wanamfariji. Niliwashukuru, Ikupa. Niliondoka jukwaani nikiwa nimefurahi. Ilibidi kijana wa mapambo aniandikie kwenye simu yake nilichofanya.

Kipindi cha leo wamekiahirisha, na kila siku wanaitisha kikao. Ashraf anataka kutoa tamko kwamba kipaza sauti kilikuwa na hitilafu na fundi wa sauti amesimamishwa. Mimi nimepewa karatasi niweke sahihi kuthibitisha. Zahoro yuko nyumbani, anasubiri. Nilimwendea Alhamisi. Hakunilaumu. Alisema taratibu, akinitazama ili nione, “Mimi naweza kutengeneza redio mtaani, Lusubilo. Wewe utafanya nini?”

Sijui nitafanya nini. Hilo ndilo linanifanya nitembee mpaka Buguruni na kurudi. Nikisema ukweli nimekwisha. Sijui kazi nyingine, na sina mtu ndani ya nyumba. Nikikaa kimya, Jumamosi ijayo nitasimama pale tena bila Zahoro, na nitakosea tena.

Karatasi iko mezani. Sijaigusa. Kuhusu Clement, natamani ungeniambia mapema, lakini mimi ni nani wa kusema hivyo.

Lusubilo


Tunduma,
16 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Ni mimi Faith. Mama amepokea barua yako, ameisoma na kulia, kisha akaipa mgongo, yuko jikoni anapiga kelele na wasaidizi. Ameniambia nikujibu mimi kwa sababu yeye akiandika atakuamrisha, na hataki kukuamrisha.

Nataka ujue tulichofanya juzi. Mama alivaa vizuri, akanichukua, tukavuka mpaka kwenda kwa baba. Alitaka kumwomba kwa mdomo wake aje kikaoni, hata kama hatarudi nyumbani. Yule mwanamke alitupa viti na maji, akatoka. Baba alikaa anatazama mikono yake. Mama alisema alichokuja kusema bila kuinua sauti. Baba akajibu kwamba hana uso wa kukaa mbele ya wakwe, na kwamba mama ana kaka maarufu, tumwite huyo. Mama akamshukuru kwa maji, tukaondoka. Tulipofika upande wetu akaniambia, “Mimi sirudi tena pale. Nimemaliza.”

Siku iliyofuata alikwenda kwa kina Luka, akawaambia yote kuhusu baba kabla hawajayasikia sokoni. Mzee Silwimba alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kikao kiko palepale.

Mjomba, mimi sihitaji mtu wa kusema maneno mazuri. Kama huwezi kusikia, kaa tu kwenye kiti cha upande wetu. Wakituona tuna mtu, inatosha.

Mpwa wako,
Faith


Dar es Salaam,
22 Aprili 2025

Mdogo wangu Ikupa,

Barua ya Faith nilikuwa nayo mfukoni nilipoingia ofisini kwa Ashraf. Alikuwepo yeye na wakubwa wengine wa kituo, na Zahoro ameitwa, amekaa karibu na mlango. Waliniuliza kama nimeweka sahihi. Nikasema kabla ya hapo naomba jambo moja. Nikamwambia Ashraf, “Simama nyuma yangu, useme chochote unachotaka.”

Alidhani ni mzaha. Nikageuza kiti nikatazama ukuta. Nilikaa hivyo nikisubiri aanze. Kwenye ukuta kuna picha yangu ya zamani na koti la bluu, nikawa naitazama. Nilipoona anachelewa nikageuka kumwuliza mbona hasemi, nikakuta wote wameinamisha vichwa. Alikuwa ameshasema. Zahoro alinionyesha kwa mikono kwamba ameniita kwa jina langu.

Baada ya hapo hakukuwa na mengi. Zahoro amerudi kazini. Mwalimu Witness amepewa ushindi wake, na Jumamosi ya kabla ya Pasaka nilisimama mbele ya kamera nikiwa na vile vifaa masikioni vikipiga mluzi, nikamwomba radhi na kuwaambia watu sababu. Labda mliniona. Walitaka wanifanyie kipindi kikubwa cha kuniaga, nikakataa, kwa sababu nisingesikia wanachosema na ningekaa pale natabasamu.

Nafunga mizigo, naifungua, naifunga tena. Nimezoea kila wiki iwe na Jumamosi yake, sasa sijui Jumamosi ni ya nini. Ila hii inayokuja naijua. Nafika Alhamisi jioni kwa basi. Mtu asimame stendi mahali ninapoweza kumwona, kwa sababu nikiitwa sitajua.

Kaka yako,
Lusubilo


Tunduma,
3 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Umeondoka jana asubuhi kwenda Ikinga kwenye nyumba ya mama bila kuniaga vizuri, na mimi sikukuzuia, kwa sababu nisingeweza kusema haya bila kupiga kelele, na kelele kwako hazina maana.

Siwezi kusahau ulivyofanya kikaoni. Uliwaambia wakwe mapema kwamba husikii, kwa hiyo kila mtu aseme kwa zamu yake akikutazama. Mama Silwimba anasema hajawahi kuona kikao cha mahari ambacho watu hawakukatana maneno. Mwezi mzima ulikaa hapa mgahawani, ukagombana na wasaidizi wangu, ukapanga upya meza ambazo hakuna aliyekuomba, ukanichosha, nikafurahi. Kwa hayo nakushukuru.

Lakini Jumamosi kanisani, kaka. Mimi nilikuwa kiti cha mbele. Wimbo ulipoanza nikageuka nimwone mwanangu anaingia na wewe. Nikamwona amemshika mkono Clement. Clement, na suti ile ya kijivu niliyomnunulia mimi. Na wewe nyuma yao unatembea mikono mitupu.

Nilimfuata huyo mtu mpaka ng'ambo, nikakaa kwenye kiti cha mwanamke wake nikamwomba. Alikataa. Kikao kizito hakuja, siku ya ngoma akaja. Kwenye karamu watu wakamsogelea kumpa mkono na kumpongeza kwa kulea. Mimi ndiye niliyekuwa naangalia sahani yangu.

Clement anamwambia kila mtu kwamba alikuomba ruhusa mlangoni na wewe ukamwitikia kwa kichwa. Nimelifikiria hilo siku zote hizi. Mlangoni kulikuwa na kwaya, matarumbeta, watoto. Najua jinsi unavyoitikia usichokisikia. Nilikuona kwa macho yangu kwenye runinga.

Kwa hiyo nakuuliza jambo moja tu. Niambie kwamba hukusikia. Ukiniandikia hivyo nitakuamini, na halitazungumzwa tena.

Ikupa


Ikinga,
8 Juni 2025

Mdogo wangu Ikupa,

Marahaba. Barua yako imefika na gari la Ileje, nimeisoma nikiwa nimekaa kibarazani kwa mama, nikainuka, nikazunguka kahawa zote za baba mpaka mtoni. Nimeianza hii mara nyingi.

Umenifungulia mlango mzuri na ningeweza kupita. Dunia nzima sasa inajua kwamba mimi sisikii. Hakuna atakayebisha.

Clement alikuja upande wa kulia, amekonda. Alisimama mbele yangu karibu, hakufunika mdomo. Alisema, “Shemeji, niruhusu nimwingize mwanangu.” Nilimsoma neno kwa neno, wazi kuliko ninavyosoma barua hii yako.

Nilielewa, Ikupa.

Faith alikuwa amenishika mkono. Alipomwona baba yake vidole vyake vililegea, halafu vikanikaza tena kwa nguvu mpaka vikaniuma. Nikamtazama. Wewe unajua kazi niliyofanya maisha yangu yote: mtu amekaa mbele yangu, anajua anachotaka kusema, na anaogopa kukisema. Alikuwa anamtaka baba yake. Aliogopa kukuumiza wewe. Wimbo ulikuwa umeanza, kwaya inayumba, hapakuwa na muda wa kukufuata kiti cha mbele. Nikaitikia kwa kichwa, na nilijua ninaitikia nini.

Sikukuuliza, na wewe ndiye uliyebeba kila kitu mpaka siku ile. Nilimpa Clement kitu ambacho hakikuwa changu. Hilo ni langu, silipeleki kwenye masikio.

Lakini nikisema kwamba sikusikia, nitakuwa nimerudi kulekule, natabasamu wakati watu wanapiga kelele. Afadhali unikasirikie mimi nilivyo.

Huku sikai. Nimeng'oa uzio wa mama, nauanza upya. Majirani wanakuja niwaulize maswali kama enzi zile, nawaambia wakae mbele yangu na wasitafune. Jumamosi zinanisumbua bado.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, niandikie hivyohivyo.

Kaka yako,
Lusubilo


Tunduma,
11 Juni 2025

Kaka,

Nimeisoma. Nimempa Faith naye akaisoma, akaniambia ni kweli, vidole na vyote, kisha akalia kwa kuogopa kunitazama. Sikumgombeza. Yeye ni mtoto, na baba ni baba, na mimi siwezi kumkatia hilo.

Wewe ndiye sijakusamehe. Nina maneno mengi, na nikiyaandika yanakuwa mafupi na ya adabu, sivyo yalivyo tumboni mwangu. Tena nikikupigia simu hutasikia, utakuwa umepona bure.

Basi uache huo uzio. Jumamosi panda gari la asubuhi uje. Nitafunga mgahawa baada ya chakula cha mchana, nitaweka viti viwili kwenye mwanga karibu na dirisha, wewe kimoja na mimi kimoja. Utakaa hapo unitazame mdomo, na nitasema polepole, ili lisikupite hata neno moja.

Nitapika wali wa Kamsamba. Utakula nikimaliza.

Mdogo wako,
Ikupa